Maelezo ya Msanii: Uandike Mwenyewe, Ujirekodi, Uhojiwe au Umwachie Mwingine?

Tangazo la maonyesho linataka maneno 200 kuhusu kazi zako. Kuna njia tano za kuyapata: kukaa peke yako na karatasi, kujirekodi ukizungumza, kuhojiwa na mtu, kumpa mwandishi kazi hiyo, au kutumia programu ya akili mnemba. Zote zitakupa maandishi. Zinapotofautiana ni kiasi cha kazi yako halisi kinachobaki ndani ya maandishi hayo, na hicho ndicho kipimo tulichotumia kuzilinganisha hapa. Ulinganisho huu ni wa wachoraji, wachongaji, wafinyanzi, wapiga picha, wachapaji na wote ambao kazi zao hutazamwa.

Kwanza, umeombwa maandishi gani?

Maelezo ya msanii yanahusu kundi zima la kazi zako za sasa: unatengeneza nini, kwa vitu gani, kwa namna gani na kwa sababu gani. Huandikwa kwa nafsi ya kwanza, kwa kawaida maneno 100 hadi 300. Wasifu unamhusu mtu: alikosomea, alikoonyesha kazi, anakofanyia kazi. Huo huandikwa kwa nafsi ya tatu na hauingii kwenye maana ya kazi. Maelezo ya mradi yanahusu kitu ambacho hakijatengenezwa, kwa hiyo yanataja muda, vifaa na ukubwa wa nafasi utakayohitaji. Lebo ya ukutani inahusu kazi moja tu.

Kosa linaloonekana mara nyingi kuliko yote ni kutuma wasifu mahali palipoombwa maelezo. Jopo la uteuzi tayari lina orodha ya masomo na maonyesho yako kwenye karatasi nyingine. Ukiirudia, umeitumia nafasi yako pekee ya kueleza kazi kusema lililokwisha kusemwa.

Lebo inataka ubahili zaidi. Jeffrey Smith na Lisa Smith walipowapima watazamaji kwenye makumbusho ya Metropolitan, New York, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, wastani wa muda uliotumika mbele ya kazi moja ulikuwa sekunde 27, na nusu ya watazamaji hawakuzidi sekunde 17. Kwa muda huo, maneno 50 hadi 70 yanatosha, na jambo lenye uzito likae kwenye sentensi ya kwanza. Angalia pia kama fomu inahesabu maneno au herufi. Maneno ya Kiswahili ni marefu, kwa hiyo kikomo cha herufi 1,000 pamoja na nafasi kinakupa maneno 140 hivi. Anayeandika maneno 200 kisha kuyabandika kwenye fomu ya aina hiyo hukuta sentensi yake ya mwisho imekatwa katikati.

Njia tano kwa kifupi

| Njia | Muda wa kutenga | Nguvu yake | Inapoharibika |
|---|---|---|---|
| Peke yako na karatasi | Saa 3 hadi 6, kwa vipindi | Kila neno ni lako | Lugha ya insha ya shule, kuanzia utotoni |
| Kujirekodi | Dakika 10 za kusema, saa 1 ya kunakili, saa 2 za kuhariri | Vitenzi na majina ya vifaa hutoka vyenyewe | "Hii", "pale", "kama unavyoona" |
| Kuhojiwa | Dakika 40 za mazungumzo, saa 5 za kunakili na kuhariri | Sababu zilizojificha hutoka | Mhojaji anayekumalizia sentensi |
| Mwandishi | Wiki 1 hadi 2 | Mpangilio mzuri, jicho la nje | Fikra zake zinageuka kuwa "zako" |
| Akili mnemba | Dakika chache, pamoja na saa ya kukagua | Kupunguza urefu, kunakili sauti | Hujaza maneno ya jumla na kubuni |

Peke yako na karatasi

Njia hii inamfaa msanii ambaye tayari ana mazoea ya kuandika: anayeweka daftari la studio, anayeandika barua ndefu. Mfano wake bora ni Vincent van Gogh. Oktoba 1888 alimwandikia mdogo wake Theo kuhusu picha ya chumba chake cha kulala, akataja rangi moja baada ya nyingine: kuta za urujuani hafifu, sakafu ya vigae vyekundu, mbao za kitanda za njano ya siagi mbichi, shuka na mito ya kijani cha limau, blanketi jekundu, milango ya zambarau iliyofifia. Akaongeza kwamba alitaka rangi zenyewe zimpe mtazamaji hisia ya mapumziko. Kitu kinachoonekana kimetangulia, kusudi likafuata. Leo kuta hizo zinaonekana za bluu kwa sababu rangi nyekundu iliyochanganywa kupata urujuani imefifia kwa mwanga, na barua imebaki kuwa ushahidi wa picha ilivyokuwa. Maelezo sahihi ya vifaa na rangi yana faida ambayo mwandishi wake mara nyingi haijui siku anapoyaandika.

Kwa asiye na mazoea hayo, karatasi tupu huamsha sauti ya insha ya shule. Sentensi ya kwanza huwa "Tangu utotoni nimekuwa nikipenda kuchora", na aya mbili zinakwisha kabla hatujafika kwenye kazi yenyewe. Ukichagua njia hii, usianze kuandika maelezo. Andika kwanza sentensi 20 fupi, kila moja ikianza na kitenzi cha kazi ya mikono: nakata, nashona, nachoma, nasubiri, nakwangua, natupa. Zikifika 20, chagua sita ambazo msanii mwingine hawezi kuzisema kuhusu kazi yake, uzipange. Hapo ndipo uandike.

Kama tarehe ya mwisho iko mbali, fanya lililo bora zaidi ya hilo: kila unapofunga studio andika mistari mitatu, yaani ulichofanya leo, ulichokikataa, na kilichobaki kinakusumbua. Mstari wa pili ndio wenye thamani kubwa. Mtu akijua ulikataa nini, anaelewa ulichagua nini.

Kujirekodi

Simama mbele ya kazi mwenyewe, simu ikiwa karibu na kifua, na uzungumze dakika kumi kana kwamba unamweleza mtu aliye upande wa pili wa simu ambaye haoni chochote. Sharti hilo la mtu asiyeona ni la lazima. Ukilisahau, rekodi itajaa "hii hapa", "ile ya juu" na "kama unavyoona", maneno yaliyokuwa na maana wakati unaonyesha kwa kidole na ambayo kwenye karatasi hayasemi kitu.

Dakika kumi za mazungumzo ni kama maneno 1,000. Kunakili kwa mkono huchukua mara nne hadi sita ya muda wa rekodi, kwa hiyo tenga saa moja. Programu zinazogeuza sauti kuwa maandishi hupunguza kazi, ila hukosea zaidi kwenye majina ya vifaa na mbinu, mahali hasa ambapo huwezi kumudu kosa. Sikiliza rekodi huku ukifuata maandishi.

Baada ya kunakili, chukua kalamu za rangi tatu. Kwa moja pigia mstari ukweli unaoweza kuhakikiwa: vifaa, vipimo, idadi, hatua. Kwa ya pili, sababu: "kwa sababu karatasi hii hunywa maji haraka". Kwa ya tatu, sifa na hisia: "ni kazi yenye nguvu", "inagusa moyo". Rangi ya tatu futa yote; hukumu hiyo ni ya mtazamaji. Kilichobaki huwa ni maneno 300 au 400, na ukiyapanga upya kwa kuanza na kinachoonekana, maelezo yako yamekaribia kwisha.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba hakuna anayekuuliza "kwa nini?" Ulichozoea kukiruka utakiruka tena. Msanii aliyetumia mkaa miaka kumi hatasema kwa nini mkaa, maana kwake jambo hilo lilikwisha kuamuliwa zamani.

Kuhojiwa

Tukiambiwa tuchague njia moja tu, ni hii. Swali la mtu mwingine linakulazimisha kusema jambo ambalo kwako liko wazi mno hata hukufikiria kulitaja, na mara nyingi jambo hilo ndilo msomaji analolihitaji.

Mchague mhojaji kwa makini. Msanii mwenzako wa fani ileile hafai, kwa sababu anajua tayari na mtarukia hatua pamoja. Mtu wa karibu anayekupenda atakusifu badala ya kukuuliza. Anayefaa ni mtu mdadisi, msomaji, asiyetengeneza sanaa, ambaye haoni aibu kusema "sijaelewa". Mpe maswali haya, na umruhusu aongeze yake:

- Nikisimama mbele ya kazi hii, jicho langu linaangukia wapi kwanza?
- Ulianza na nini: picha, kifaa, mahali, tukio?
- Kwa nini umetumia hiki na si kile kinachofanana nacho?
- Ni kitu gani ulikibadilisha ukiwa katikati, na kwa nini?
- Kazi hii ina tofauti gani na ile uliyoitengeneza kabla yake?
- Unajuaje kwamba imekwisha?

Mhojaji ana masharti mawili. La kwanza, akisikia neno la jumla kama "kumbukumbu", "nguvu" au "utambulisho", aulize papo hapo: "Kwa mfano?" La pili, ukinyamaza, naye anyamaze, ahesabu hadi tano moyoni. Jibu bora huja baada ya kimya, na mhojaji mwenye huruma hulizuia kwa kukumalizia sentensi. Akisema "Yaani unamaanisha kama uhuru, siyo?" nawe ukaitikia, neno hilo ni lake.

Dakika 40 zinatosha. Baada ya hapo watu huchoka na kuanza kujirudia. Si lazima unakili zote: sikiliza mara moja ukiandika dakika na sekunde za mahali penye jambo, kisha nakili vipande hivyo tu. Kwa kawaida majibu ya swali la tatu na la nne hutoa nusu ya maelezo yote.

Hatari yake ni kunogewa na mazungumzo. Mahojiano hutoa visa vizuri vya safari, walimu na familia. Visa hivyo vinaweza kuingia kwenye makala ndefu, lakini kwenye maneno 200 vinameza kazi yenyewe.

Kumwachia mwandishi

Tofautisha vitu viwili. Insha ya katalogi iliyoandikwa na mhakiki na kutiwa jina lake ni kazi yake halali. Asome kazi zako anavyoona. Maelezo ya nafsi ya kwanza yaliyoandikwa na mtu mwingine ni jambo tofauti, kwa sababu siku ya usaili jopo litakuuliza kuhusu sentensi hizo, na usipoweza kuzieleza kwa maneno yako utaonekana huijui kazi yako.

Ukimpa mwandishi, mpe picha safi za kazi 8 hadi 12, orodha ya majina, miaka, vifaa na vipimo, rekodi ya mahojiano, na kikomo cha maneno. Vipimo viandikwe kimo kwanza, kisha upana, kisha kina, kama makumbusho yanavyofanya. Ukigeuza, picha iliyosimama itasomeka kama iliyolala. Kubalianeni mapema atarekebisha mara ngapi na kama wewe unaruhusiwa kubadilisha baadaye. Kisha soma rasimu kwa sauti. Sentensi yoyote inayokwama mdomoni mwako iondolewe, hata kama ni nzuri.

Akili mnemba

Ukiiambia programu "niandikie maelezo ya msanii, mimi nachora milango", itakupa aya tatu zisizo na kosa la sarufi ambazo zingeweza kuwa za yeyote. Haina cha kutumia, kwa hiyo inajaza. Inaweza pia kukutajia mbinu usiyoitumia au kusudi usilokuwa nalo, kwa sauti ya uhakika uleule. Kwa Kiswahili kuna tatizo la ziada: sentensi nyingi hutoka zikiwa na mpangilio wa lugha nyingine, na msomaji hulihisi hilo hata asipoweza kuonyesha kosa liko wapi.

Inakosaidia kweli ni kwenye kazi za baada ya maneno kupatikana. Ipe nakala ya mahojiano yako na uiombe itaje mahali ulipojirudia. Iombe ikuulize maswali kumi kuhusu usichokieleza. Iombe ipunguze maneno 300 yawe 150 bila kuongeza jambo wala kubadilisha vitenzi, kisha linganisha matoleo mawili mstari kwa mstari, ukihakiki kila kipimo, mwaka na kifaa. Na usome masharti ya maombi kabla. Mengine yanataka utaje kama umeitumia.

Sentensi ileile, namna mbili

Njia yoyote utakayochagua, mwisho wake ni uamuzi wa sentensi. Mwaka 2012 Alix Rule na David Levine walichapisha uchambuzi wa matangazo ya maonyesho yaliyosambazwa na e-flux, huduma inayotuma habari za sanaa kwa barua pepe, wakaonyesha jinsi lugha hiyo inavyopenda nomino za dhana kuliko vitenzi, na maneno mengi pale ambapo machache yangetosha. Kiswahili nacho kina mtindo wake wa aina hiyo:

*"Kazi yangu ni uchunguzi wa mwingiliano uliopo baina ya kumbukumbu, nafasi na utambulisho katika ulimwengu wa kisasa."*

Hapa hatujui kama ni picha, sanamu au video. Hakuna anayefanya lolote. Kuna "uchunguzi" na "mwingiliano" tu. Linganisha na hii, ya msanii huyohuyo wa kubuni:

*"Nachora milango iliyofungwa ya nyumba zilizohamwa, kwa mkaa, kwa ukubwa wa mlango wenyewe: sentimita 200 kwa 80. Kila mchoro naufuta kwa kitambaa na kuuchora upya mahali palepale mara kadhaa. Mkaa haufutiki wote, kwa hiyo chini ya mlango unaouona kuna vivuli vya milango iliyotangulia."*

Neno "kumbukumbu" halimo, lakini msomaji amelifikia mwenyewe, na amelifikia kupitia tabia ya mkaa. Kifaa kikiwa na maana, kukitaja kwa usahihi ni nusu ya maelezo. El Anatsui, mchongaji kutoka Ghana, anatengeneza mapazia makubwa ya vifuniko vya alumini vya chupa za pombe vilivyounganishwa kwa waya wa shaba. Ukisema hivyo tu, biashara, ulevi, taka na kitambaa vimekwisha kuingia chumbani.

Toleo la kwanza lina nafasi yake mahali pamoja: kwenye fomu inayotaka utaje mada kwa maneno matatu au manne. Liweke hapo, na lisivuke.

Kuna wanaoogopa kwamba kuandika wazi kunaiua kazi, kwamba ukishaeleza hakibaki cha kutazama. Hofu hiyo tunaiheshimu, na dawa yake ni kujua mpaka. Eleza ulichofanya na kwa nini ulikifanya. Usimwambie mtazamaji ahisi nini. "Mtazamaji anaalikwa kutafakari udhaifu wake" ni sentensi ya kufutwa popote unapoikuta.

Uchague ipi?

Ukiwa na siku moja, jirekodi usiku, nakili asubuhi, hariri mchana. Ukiwa na wiki, tafuta mhojaji. Ipe siku mbili za mwisho kazi ya kupunguza. Ukiwa na katalogi inayochapishwa, hojiwa kwanza ndipo umpe mwandishi rekodi. Kama unaandika kwa lugha usiyoizungumza vizuri, fanya mahojiano kwa lugha unayoizungumza hata ndotoni, kamilisha maandishi kwa lugha hiyo, kisha yatafsiriwe. Kinyume chake hutoa sentensi za woga. Karatasi tupu ibaki kwa wenye daftari la studio, na akili mnemba iingie mwishoni, maneno yako yakiwa tayari mezani.

Hifadhi matoleo matatu ya maandishi yaleyale, la maneno 60, 150 na 300, kila moja likiwa na tarehe kwenye jina la faili. Anza na refu kisha upunguze. Ukianza na fupi na kulirefusha, utaishia kuongeza maneno ya kujaza. Kila unapoanza kundi jipya la kazi, angalia vitenzi vyako kama bado ni vya kweli.

Kabla ya kutuma, fanya jaribio la penseli. Msomee maelezo mtu ambaye hajaiona kazi, mara moja tu, kisha mpe karatasi achore anachodhani utamwonyesha. Uhodari wa kuchora hauna maana hapa. Unatafuta ukubwa, umbo, idadi na mpangilio. Weka mchoro wake kando ya picha ya kazi. Akiuchora mlango ukiwa wazi, neno "iliyofungwa" limepotea mahali fulani wakati ukipunguza. Akichora kimlango kidogo katikati ya ukurasa mkubwa, vipimo vyako vimechelewa mno kutajwa. Vipandishe hadi sentensi ya kwanza, umsomee mtu mwingine.